Serikali Ilete Mahindi, Sisi Tulete Moto

Mama Mutua, Mwende wangu,

Ulikufa Jumanne. Kifua. Tulikuzika jana hapa Kola, karibu na mipapai yako.

Mimi si mtu wa kuandika. Lakini kuongea na wewe nimezoea.

Unakumbuka vile watu wetu waliofukuzwa huko mbali na vita ya kura walirudi, wakalala uwanja wa kanisa? Mimi nilikuwa napakua lori. Serikali ilileta mahindi, shirika ikaleta maharagwe, padre akatoa stoo. Wakubwa wakapigwa picha. Wewe ulikuja kuniletea uji tu. Ukaona Mama Kilonzo, mmoja wao, ameloweka mahindi kwa maji baridi, anapea mtoto atafune. Hakuwa na kuni wala sufuria. Kuomba aliona haya.

Ulikuja kwangu macho imewaka. "Mnapea watu mahindi kavu? Kwani ni kuku?"

Nikakuambia kazi yangu ni kubeba.

"Basi beba sufuria."

Uliita mwethya, wale wamama mnalimiana shamba. Wamama wa padre wakaja, wa pasta wakaja, kila mmoja na kuni mgongoni. Ukawaambia, "Serikali ilete mahindi, sisi tulete moto." Nikabeba ile sufuria kubwa ya harusi yetu kwa kichwa. Wewe nyuma unacheka: "Ona chifu na kofia yake!"

Mtu akiwaita wakimbizi ulimkata maneno. "Amerudi kwao. Atakuwa mkimbizi aje?"

Tangu ufe, sufuria ilikaa ndani. Sikutaka mtu aiguse. Chini imekwaruzwa na mwiko wako.

Jana asubuhi wale wa uwanjani walikuja hapa nyumbani. Mama Kilonzo mbele, wote na kuni. Watu hawana hata mlango, Mwende, lakini walileta kuni.

"Baba Mutua, leo kaa chini," akaniambia. "Moto ni wetu. Tupatie sufuria."

Niliingia ndani. Halafu nikaitoa. Walipika muthokoi, ile ya mahindi imetolewa maganda, watu wote wa matanga wakashiba. Jioni Mama Kilonzo akairudisha imeoshwa. Akauliza, "Ikae hapa, ama irudi uwanjani?"

Sikumjibu. Nilitaka kukuambia wewe kwanza.

Itarudi. Nimeiweka kwa mlango. Nitaibeba kwa kichwa, na hakuna mtu nyuma wa kunicheka. Hiyo ndiyo itakuwa nzito.

Lala, mama. Lori inakuja. Kesho narudi kazi.

Mume wako,
Baba Mutua