Kanisa Zima Limefunga Ili Nisimwache Mume Wangu, Kumbe Anayeombewa ni Kiungo wa Ajentina

Mpendwa Bi Varsha,

Kabla hujafika katikati ya barua hii naomba ukae chini, kwa maana mimi niliambiwa nikiwa nimesimama jikoni, na mpaka sasa sijui kama hili ni jambo la kulia au la kucheka, ndiyo maana nakuandikia wewe usiyenijua, wanaonijua wote wameshaamua mimi ni mwanamke wa namna gani.

Ninakaa Bordesley Green hapa Birmingham na mume wangu Gédéon na watoto wetu watatu, sisi ni watu wa Uvira, Kongo, tulifika hapa kama wakimbizi, na Gédéon ni dereva wa vani ya kusambaza vifurushi, mtu mpole, hanywi, hapigi, tena kanisani kwetu ndiye kiongozi wa waombezi. Lazima nikueleze utaratibu wa waombezi ndipo utanielewa. Mtu mwenye shida nzito anaruhusiwa kuleta tunachoita ombi la siri, anasema maneno machache, hataji jina, na hakuna mwenye ruhusa ya kumwuliza ni nani wala ni nini, kwa sababu wengi wetu tumetoka mahali ambapo kutaja jina kulimponza mtu. Waombezi wanapokea, wanafunga siku tatu, wanaomba, na wanajua kunyamaza. Hiyo ni heshima yetu na sijawahi kuuona ubaya wake mpaka mwezi huu.

Sasa habari za Mwajentina. Mwaka jana Gédéon alipeleka sanduku la kitanda cha mtoto kwenye nyumba moja huko Sutton Coldfield, zile nyumba zenye mageti, na aliyefungua mlango ni Iribarne, kiungo wa timu ya hapa mjini, amevaa ndala. Badala ya kutia sahihi na kufunga mlango akashika upande wa pili wa sanduku, wakalipandisha ngazi pamoja, kisha akamkaribisha yale majani yao machungu wanayokunywa kwa mrija wa chuma wakipokezana kikombe kimoja, akamwuliza anatoka wapi, akalitamka jina la Gédéon vizuri, jina ambalo kazini hakuna anayejisumbua nalo, wanamwita Gary. Mume wangu alirudi nyumbani kama mtu aliyetoka harusini, na tangu siku hiyo Iribarne ni ndugu yake, ingawa hawajaonana tena.

Basi dirisha la usajili lilipofunguliwa tetesi zikaingia nyumbani kwetu kama mafua. Asubuhi Waitaliano wanamtaka, mchana Waturuki wametuma mtu, jioni wakala wake ameonekana hotelini, kesho yake yote yamekanushwa. Gédéon akawa anasoma magazeti ya Buenos Aires kwa simu, hajui Kihispania hata neno, simu inamtafsiria, na akisikia wakala amesema mchezaji ana furaha hapa alipo, anashika kichwa, ananiambia wakala akisema hivyo ujue mtu ameshafunga mizigo. Binti yetu mkubwa akamwambia, "Dad, they literally make this stuff up," kwamba haya wanayatunga tu, naye akamjibu kwamba mtoto hajui dunia, mke wa Iribarne ameshafuta picha zote alizopiga Birmingham. Akaacha kula. Mimi nikasema moyoni, dirisha likifungwa atapona.

Halafu wakaanza kuja akina mama. Wa kwanza alikuwa mama Goretti, mwombezi wetu mkubwa kwa umri, amekuja na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukaanga, akanishika mikono miwili akaniangalia usoni, nami nikamshukuru kwa chakula. Kisha mama Sylvie akaja na sufuria yake, akaanza kunihadithia jinsi yeye na marehemu bwana yake walivyovumiliana, habari ndefu ambayo sikuiomba. Jumapili kwenye ukumbi tunaoabudia wanawake wananiuliza hali ya watoto kwa ile sauti ya msibani, na mke wa pasta akanivuta pembeni akaniuliza kama huko ng'ambo kuna mtu ninayezungumza naye. Bi Varsha, nilifikiri anauliza habari za familia, nikamwambia ndiyo, kila jioni, na nikaona amefumba macho.

Kilichonivunja ni simu ya Uvira. Mama yangu ana presha, huwa hapigi, ananisubiri mimi, lakini siku hiyo alipiga mwenyewe, na nilipopokea alikuwa analia hata maneno hayatoki vizuri.

"Précieuse, juu ya nini unataka kutupatisha haya? Bwana iko analia kanisani mbele ya watu. Watoto watatu, mama, utawaachia nani?"

Nikamwuliza haya anayatoa wapi, akasema Uvira yote inajua, wamesikia kwa watu wa Birmingham. Nilikata simu nikaenda jikoni ambako Gédéon alikuwa anasoma simu yake, nikamwuliza amewaambia nini waombezi. Aliiweka simu mezani, kisha akaniambia. Alikuwa amepeleka ombi la siri. Alisema: kuna mtu ninayempenda, amekaa nasi vizuri, lakini kuna wanaomvuta ng'ambo na moyo wake umegawanyika, mwombeni asiondoke.

"Ni nani huyo?" nikamwuliza, na nakuapia moyo wangu ulikuwa umeshaanza kutafuta mwanamke.

"Ni Iribarne," akasema.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika sinki, kisha nikamtazama usoni nikaona hacheki nami, machozi yanamlenga, na hapo ndipo nilipovuta kiti nikakaa. Watu wazima wamefunga siku tatu kwa ajili ya kiungo. Mama Goretti ana sukari, aliambiwa asifunge akafunga, akaanguka ndani ya basi pale Stratford Road, akalala hospitali, sasa anaendelea vizuri, namshukuru Mungu, lakini ameanguka akiamini anaokoa ndoa yangu.

Na bado si hilo linaloniumiza kuliko yote. Nilimwuliza kama alijua watu wanafikiri ni mimi. Akasema mwanzo hakujua, ila siku ya pili ya mfungo mama Goretti aliomba kwa sauti, "Ee Bwana, mrudishe dada yetu Précieuse kwa bwana yake," na waombezi wote waliokuwa ukumbini wakaitika. Nikamwuliza yeye alifanya nini. Akasema aliitika Amina.

Wiki iliyopita tetesi zikasema mazungumzo na Waitaliano yamevunjika, anabaki. Na kwa kuwa mimi pia nimeonekana nipo, nasukuma pipa la taka barabarani kama kawaida, kanisa limeona maombi yamejibiwa. Jumapili hii kuna ibada ya shukrani, Gédéon atawekwa shemasi, na pasta Ciza ameniomba nisimame nitoe ushuhuda wa jinsi nilivyotaka kuondoka na jinsi nilivyorudishwa. Gédéon ananibembeleza, anasema ni dakika mbili tu, nisiseme mengi, kwamba ukweli ukijulikana waombezi watakuwa kichekesho cha kila kanisa la Wakongo hapa Uingereza na mama Goretti hatakubali tena kumwona. Wakati mwingine nafikiri labda dakika mbili kweli si kitu, nifunike aibu ya nyumba yangu. Wakati mwingine namkumbuka mama yangu anavyolia. Na jana, sikufichi, simu ya Gédéon imelia tena, safari hii ni Wahispania, akaniangalia kwa haya akaniuliza kama ninaona vibaya waombezi wakirudia.

Nifanye nini, dada?

Mke Ambaye Hajaondoka,
Bordesley Green

MSHAURI ANAJIBU

Mke ambaye hajaondoka, nimekaa chini kama ulivyoniomba, na nilipofika kwenye ile Amina nikasimama tena. Nimejibu barua za watu kwa miaka mingi. Nimesoma za wanaume wenye nyumba mbili, na za mmoja aliyemwuza mbwa wa mkwewe, lakini ya mume aliyeitika Amina akiombewa mke asiyeondoka, hii ni ya kwanza.

Mimi si wa kanisa lenu. Ni Mhindi wa Kisumu, nafunga Jumatatu zangu kimyakimya, kwa hiyo sitakufundisha maombi. Ila najua kufunga ni nini, na najua kwamba mwenye sukari hafungi kwa mchezo. Mama huyo alitoa alichokuwa nacho kwa ajili yako. Hata kabla ya mengine yote, huyo anastahili kuambiwa ukweli, na nashangaa kwamba katika barua yako ndefu hukuniambia kama mume wako amekwenda kumwona.

Gédéon namwelewa zaidi ya unavyofikiri. Mtu aliyepoteza mji wake, akaitwa Gary kazini, halafu siku moja mtu anayeshangiliwa na uwanja mzima anamshikia sanduku na kulitamka jina lake, lazima atampenda. Mume wangu mwenyewe, Hasmukh, hali chakula timu yake ya kriketi ikifungwa, na hakuna mchezaji aliyewahi hata kumpungia mkono. Kumpenda mchezaji si kosa. Kumwombea nako, kama nyinyi mnaomba kwa ajili ya mtihani wa gari, sioni tofauti. Angesema tu, "Jamani, ni Iribarne," wangecheka, wawili watatu wangefunga naye kwa hiari, na mambo yangeishia kwenye chai.

Lakini hakusema. Alijificha ndani ya desturi iliyowekwa kuwalinda watu wenye hatari ya kweli. Na liliposikika jina lako, jina la mke wake, mama wa watoto wake, likisemwa mbele ya watu kama la mwanamke anayekimbia nyumba, alipima aibu yake na aibu yako, akachagua yako. Asikudanganye kwamba ni bahati mbaya. Ombi lilikuwa bahati mbaya, Amina haikuwa.

Nawe nikuseme kidogo. Ulikula sombe ya watu, ukala na samaki, ukasikiliza habari za marehemu bwana wa mama Sylvie mpaka mwisho, na hukuuliza hata mara moja, "Mama, kuna nini?" Kwenu hamuulizani, nimekuelewa, lakini wewe ndiye uliyekuwa unaulizwa. Sasa unaniambia labda dakika mbili si kitu. Dada, dakika mbili hizo zitakaa Uvira miaka. Una binti anayekua. Siku atakapoletewa posa, kuna mtu atakumbuka kwamba mama yake alisimama kanisani kwa kinywa chake mwenyewe akasema alitaka kumwacha baba yake. Uvumi wa watu unaweza kuukanusha. Ushuhuda wako mwenyewe utaukanusha vipi?

Kwa hiyo hutatoa ushuhuda. Hilo halijadiliwi, wala usilijadili naye jikoni mpaka ukachoka ukakubali.

Leo hii Gédéon aende kwa mama Goretti, peke yake, usimsindikize, maana ukiwepo atazungumza akikutazama wewe. Amwambie kwa jina ni nani alikuwa anaombewa. Akimfukuza, afukuzike, arudi kesho. Wazee wa aina hiyo hukasirika sana kisha hucheka sana, na nadhani atasamehewa mapema kuliko anavyostahili.

Akitoka hapo aende kwa pasta kabla ya Jumapili, na aseme mwenyewe kwamba ushemasi usubiri. Wewe usimwombee apewe wala anyimwe, hiyo ni kazi ya pasta. Waombezi kuwa kichekesho? Watachekwa wiki mbili. Watu wanaofunga siku tatu kwa ajili ya jirani bila hata kuuliza ni nani hawana cha kuonea haya, na mwambie hivyo kwa niaba yangu.

Na apige simu Uvira. Si wewe, yeye. Apige kwa picha, mama yako amwone uso, na wewe ukae pembeni unyamaze hata kama anajikanyaga maneno. Mama mwenye presha asipitishe siku nyingine akiamini ameshindwa kulea. Hili lifanyike kabla ya chakula cha jioni, na tetesi za simuni aziache mpaka amalize.

Usimwache kwa sababu ya jambo hili. Nakuambia kwa sababu naona hasira yako na una haki nayo, lakini ukiondoka sasa utakuwa umewathibitishia wote. Kaa, na ukae ukiwa umekasirika wazi, asijue lini utapoa. Kuhusu Wahispania, mwambie hakuna mfungo. Akitaka kumwombea Iribarne aombe kwa jina lake, kwa sauti, sebuleni, mbele ya watoto.

Ikifika Jumamosi usiku hajafanya lolote kati ya haya, usigombane. Jumapili vaa kitenge chako kizuri, nenda, keti mbele. Wakikupa kipaza sauti, simama useme, "Mimi sikutaka kuondoka hata siku moja, mwulizeni Gédéon alikuwa anamwombea nani." Kisha mpe yeye kipaza sauti, ukakae.