Ukurasa Unaochungulia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Umpe na baba shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua ukishafika katikati utasahau. Goti linasemaje? Mara ya mwisho nilikuambia upunguze kubeba ndoo, ukaniambia nisikufundishe kubeba ndoo, kwa hiyo leo nauliza tu na kunyamaza. Mimi ni mzima. Chumba nilichohamia ni kidogo ila kina dirisha zuri, na jirani yangu ana mtoto mchanga mwenye mapafu ya mpiga tarumbeta. Nakula vizuri, usianze.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema mjomba amekueleza kwamba nimemvunjia heshima Mkurugenzi mbele ya wafanyakazi, kwamba nimeipiga teke kazi aliyonitafutia kwa jasho lake, na kwamba bado kuna nafasi nikifuatana naye nikaombe radhi. Ukasema nijishushe, kujishusha hakuui. Mama, siendi. Nakupa jibu mwanzoni kabisa ili usisome kurasa hizi zote ukiwa na matumaini. Sasa kaa vizuri nikueleze mjomba alichokuficha, au pengine asichokijua.

Unajua kampuni yetu ilikuwa inatafutia watu kazi za kupokea simu za wateja. Benki ikitaka watu wa kujibu simu, inatuambia sisi. Anayetaka kazi anafungua ukurasa wetu kwenye kompyuta yake, anajaza habari zake, anatuma, anasubiri. Ukurasa huo nilikuwa nautunza mimi. Siku moja Mkurugenzi aliniita ofisini kwake, akanikaribisha kiti, jambo ambalo si kawaida yake. Akaniuliza kama ukurasa unaweza kujua kwamba kompyuta ya anayeomba kazi ina programu fulani. Nikamuuliza programu gani. Akasema ile ya kusoma skrini, wanayotumia wasioona na wenye macho dhaifu, inayowasomea kwa sauti kila kilichoandikwa.

Nikamuuliza ya nini. Akatabasamu, akasema anataka tuwapangie hao wenzetu ukurasa mwepesi zaidi, usio na mapambo ya kuwasumbua. Mama, nilifurahi. Nilitoka pale nimenyanyua kichwa kama niliyepewa cheo.

Haikuwa rahisi. Kivinjari, yaani kile kinachokufungulia kurasa, hakiruhusu ukurasa kuingia ndani ya kompyuta ya mtu na kupekua kabati moja moja kuona ana nini. Vingekuwa vituko. Lakini kuna mwanya. Programu ile ikiwekwa kwenye kompyuta huja na sauti zake za kusomea, na ukurasa unaweza kukiuliza kivinjari kina sauti zipi humo, nacho kikazitaja zote bila kumuuliza mwenye kompyuta. Basi niliandika skripti, maagizo machache tu yanayokaa ndani ya ukurasa. Mtu akifungua, skripti inauliza sauti. Ikizikuta sauti za programu ile, inajua programu ipo. Ni kama yule mgeni anayekuja kwako kuomba maji ya kunywa, na wakati unakwenda kumchotea, macho yake yanazunguka sebuleni. Maji anakunywa, asante anasema, lakini akitoka anajua una redio ngapi.

Skripti ikafanya kazi. Nikamkabidhi Mkurugenzi, akanipongeza mbele ya wenzangu. Ule ukurasa mwepesi tulioahidiana nikawa nausubiri niambiwe niuandike. Nikikumbusha, naambiwa subira. Nikikumbusha tena, naambiwa kuna mambo ya haraka.

Ndipo alipokuja Mama Simu. Ni jina walilompa wenzake alikokuwa akifanya kazi, kwenye ubao wa simu wa hospitali, ambako alipokea na kuunganisha simu za watu tangu kabla sijazaliwa. Haoni. Alikuja na fimbo yake nyeupe na koti lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, akamwambia dada wa mapokezi kwamba anataka kuzungumza na mtu aliyesoma ombi lake la kazi. Dada wa mapokezi, kwa kutojua ampeleke kwa nani, akaja kuniita mimi, maana maombi huja kupitia ukurasa, na neno ukurasa kwetu pale lilimaanisha mimi.

Nilimkuta ameketi wima. Aliniambia hakuja kulalamika kwamba amekosa kazi, kukosa kazi amezoea. Alichotaka kujua ni kimoja. Akasema, "Mwanangu, nilituma ombi, na kabla sijavua vipokea sauti masikioni jibu likaja kwamba mmenikataa. Nani amenisoma upesi hivyo? Nataka kumpa mkono, anasoma kuliko mimi."

Nilicheka, naye akacheka. Kisha nikaacha kucheka.

Nilimwambia anipe muda. Nikaenda kwenye kompyuta ya ofisi, isiyo na programu ile, nikajaza ombi la mtu wa kubuni: elimu nzuri, uzoefu mwingi. Jibu likaja kwamba asante, tumepokea, utaarifiwa. Nikachukua kompyuta nyingine yenye programu, nikajaza vilevile, neno kwa neno, nikabadili jina tu. Jibu likaja palepale kwamba tunasikitika. Nikarudia na majina mengine. Kwingine tunashukuru, kwingine tunasikitika. Skripti yangu ilikuwa inachungulia, na kilichoonekana kilikuwa kinapelekwa kwenye mashine ya kuchuja maombi, na mashine inamfungia mtu mlango. Hakuna binadamu aliyewahi kusoma alichoandika Mama Simu.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi, nikabisha hodi, tena kwa adabu, mjomba asikudanganye. Nikamweleza nilichokiona, nikidhani labda mtu amekosea kuunganisha. Hakushtuka hata kidogo. Alisema mitambo ya wateja wetu haiendani na watu wa namna hiyo, kwamba kuwaita kwenye usaili ni kuwapotezea muda na kuwapa matumaini ya bure, kwa hiyo kwa kweli tunawahurumia. Nikamwambia sasa tuandike wazi kwenye ukurasa kwamba hatuwataki. Hapo ndipo alipokunja uso. Akasema, "Hatujamkataza mtu kuomba. Na hakuna anayejua."

Nilirudi kwenye meza yangu na yale maneno mawili, hakuna anayejua, yakawa yananizunguka kama nzi. Nilimwomba tena kesho yake niiondoe skripti. Akanijibu nijue nafasi yangu. Nikakaa, nikaijua.

Nafasi yangu ilikuwa pale penye ukurasa. Sikuifuta skripti. Ningeifuta, wangeleta mtu mwingine akaiandika upya, na kweli asingejua mtu. Niliigeuza. Niliiachia iendelee kuchungulia, lakini ilichokiona isikipeleke kwenye mashine. Ikiseme kwa mwenye kompyuta. Mtu mwenye programu ile akifungua ukurasa wetu, maneno ya kwanza kabisa aliyosomewa yalikuwa haya: "Ukurasa huu umeikagua kompyuta yako bila kukuomba ruhusa, ukakuta programu ya kusoma skrini. Mpaka sasa, kwa sababu hiyo tu, maombi ya watu kama wewe yamekuwa yakikataliwa bila kusomwa. Ukitaka maelezo, piga simu." Na chini yake nikaweka namba. Namba ya mezani kwa Mkurugenzi. Kampuni si ya kupokea simu? Basi apokee.

Alipokea, Mama! Siku nzima simu ile haikupumzika. Dada wa mapokezi aliniambia mzee alianza kwa kusema halo ya kistaarabu, mchana sauti ikawa imekauka, na jioni akawa anaunyanyua mkono wa simu na kuulaza pembeni. Mmoja wa waliopiga alikuwa mwanasheria asiyeona. Mwingine alikuwa mama wa kijana aliyekuwa amekataliwa na kampuni yetu mpaka akaacha kuomba kazi mahali popote.

Walipogundua ni mimi, tuliitwa wote kwenye chumba cha mikutano. Mkurugenzi alisema kumetokea hitilafu ya kiufundi, kwamba nitasimama niombe radhi kwa kuzusha taharuki, kisha nitasaini karatasi ya kusema hivyo, na mambo yataisha kifamilia, maana mjomba wangu ni rafiki yake. Wenzangu walikuwa wanaangalia meza. Nilisimama. Nikasema skripti nimeiandika mimi kwa mikono yangu na haina hitilafu yoyote, inafanya kazi vizuri sana, na hilo ndilo tatizo. Nikasema sisaini. Hilo ndilo tusi ambalo mjomba amekusimulia. Kama kuna tusi jingine, akutajie.

Nilifukuzwa palepale, nikatoka na kikombe changu na sweta. Ukurasa waliufunga. Benki iliposikia ilisitisha mkataba, ikasema haikuwahi kuagiza hivyo. Kweli au uongo, mimi sijui. Mama Simu na wenzake wamefungua shauri kwenye baraza la malalamiko ya kazi, wakaniomba niwe shahidi, nami nimekubali. Ndiyo sababu mjomba ana haraka ya mimi kuomba radhi. Nikiomba radhi, ushahidi wangu unakuwa maneno ya mtu aliyekwisha kukiri kwamba alizusha.

Sasa Mama, naomba ukae, kama umesimama.

Barazani wataniuliza ile kompyuta ya pili, yenye programu, niliitoa wapi. Nitajibu mbele ya watu, na mjomba atakuwepo, na habari itakufikia kabla sijapanda gari. Sitaki uisikie kwake. Kompyuta ile ni yangu. Programu niliiweka mwenyewe, kwa sababu naitumia. Macho yangu yanakwenda njia ya macho ya baba. Daktari amenieleza bila kuzunguka: pembeni kumeshaanza kufungwa, katikati patabaki kwa muda, hajui muda gani. Ndiyo maana herufi za barua hii ni kubwa kama za mtoto wa chekechea, na ndiyo maana nilihamia chumba chenye mwanga.

Nilikuficha, na najua nilikojifunza kuficha. Nakumbuka ulivyokuwa ukimtungia baba sindano chumba cha nyuma, unazipanga kwenye kipande cha sponji, kisha unampelekea mbele kwenye cherehani kama mtu anayepeleka chai, ili wateja wasijue kwamba fundi haoni tundu la sindano. Na mishono ilipoanza kwenda upande, watu wakasema fundi siku hizi anakunywa, ukawaacha waseme. Uliona afadhali aitwe mlevi. Sikulaumu, Mama. Ulikuwa unalinda chakula chetu na jina lake kwa namna uliyoijua. Lakini baba alikuwa bado anakata suti kwa kupapasa, bila kukosea, na hakuna mteja aliyewahi kumsifu kwa hilo, kwa sababu hakuna aliyeambiwa.

Mimi sitaki kutungiwa sindano chumba cha nyuma. Wakiniuliza nina hakika gani kwamba mashine ile inawakataa wasioona, nitawajibu kwamba ilinikataa mimi, na kampuni ikaendelea kunilipa mshahara kwa kuutunza ukurasa wake.

Kazi nitapata. Mama Simu ananifundisha kuisikiliza programu kwa kasi anayoisikilizia yeye; kwangu bado ni kama kuku wanaogombana, lakini maneno yameanza kutoka. Wale wanaoendesha shauri wameniomba nichunguze kurasa nyingine za kutafuta kazi nione kama nazo zinachungulia. Mbili nimeshazikuta.

Baba usimwambie wewe. Mwekee simu sikioni Jumapili, nimwambie mwenyewe, kisha utupishe. Ukilia, lia, ila usiniletee mtu wa kuniombea radhi wala wa kuniomba ninyamaze.

Wasalimie wote hapo nyumbani, shangazi na watoto wake wenye fujo, na yule jirani anayeazima pasi na kuisahau. Mjomba naye msalimie, kwa heshima zote, umwambie shauri linasikilizwa asubuhi na milango ya baraza iko wazi kwa kila mtu. Aje na Mkurugenzi wake. Nitakuwa nimekaa mstari wa mbele.

Ni mimi, binti yako wa mwisho,
mwenye kichwa kigumu, na mnajua wenyewe nimekirithi kwa nani.