Suti ya Kuzikiwa

Mjukuu wangu Wambui,

Mimi babu yako natangaza kwa heshima kuu kwamba kuku wa nyanyako ametaga yai hapa Loresho, baada ya mgomo mrefu. Sote tu wazima.

Unauliza kama serikali itumie kodi yetu kutafiti jinsi ya kuzeeka na afya njema. Nilipokuwa kijana, baba yangu aliugua kifua, akajinunulia suti ya kuzikiwa. Kisha kliniki ya serikali ikampa dawa mpya, iliyotafitiwa kwa kodi za watu wasiomjua. Akapona, akaivaa suti harusini kwangu, akacheza mpaka jasho.

"Baba, hiyo si ya kaburi?"

"Kaburini kuna muziki?"

Kodi yangu chukueni. Mzee tulimzika miaka mingi baadaye, akiwa amevaa sweta. Suti ilikuwa imeliwa na nondo.