Muhogo wa Mama Nafula

Alhamisi

Mkurugenzi wetu ni mjinga, na leo nimechoka kumwita mheshimiwa.

Mashine ilikuwa inasoma DNA ya majani ya muhogo unaougua wa Mama Nafula, mkulima wa huko Matete. Inatoshea kiganjani, lakini ndani yake uzi mmoja wa DNA hupita kwenye tundu lisiloonekana na kusomwa herufi kwa herufi. Mkurugenzi akaingia maabara na wageni wake, akaichomoa kwenye kompyuta ili apigwe picha ameishika.

"Kwani hii si ni flashi tu," akawaambia, wakacheka.

Mimi sikucheka. Ni yeye aliyeenda Matete akamwambia yule mama kwamba udongo umekosa mbolea, awagawie majirani vipando bila wasiwasi. Wanakuja kuvichukua kesho, na mimi sampuli nyingine sina.

Walipoondoka nilifungua kompyuta nikiwa na hofu. Nyuzi zilizokuwa zimeshapita zilitosha. Ni virusi vya batobato, ugonjwa wa muhogo unaosambaa kwa vipando, hakuna shaka.

Nikampigia Mama Nafula simu. "Mama, usimpe mtu hata kijiti kimoja. Ng'oa yote uchome."

Akasema, "Na yule mkubwa wenu alisema ni mbolea."

"Alikosea, mama."

"Basi mwambie aje tung'oe pamoja."

Nimemwandikia mkurugenzi maneno hayo vile vile alivyoyasema. Amenijibu sasa hivi, akiuliza ni picha gani kati ya zile imetoka vizuri.