Maandishi Chini ya Chokaa

Alhamisi. Mvua ilianza alfajiri, ikapumzika kidogo, ikarudi na hasira. Barabara za Kamina leo ni tope tupu, pikipiki zinatembea kama bata. Na moyo wangu haujatulia tangu asubuhi.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Wanaonisoma siku zote wanajua habari ya parseli, kiwanja chenye nyumba. Kwa mgeni: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimekaa nyumba za watu miaka mingi, na mwaka huu niliapa kwamba na mimi nitapangisha. Siyo jumba. Nyumba moja ya matofali ya kuchoma, milango miwili, yaani sehemu mbili za kupangisha. Mlango mmoja naupangisha mara moja, wa pili nautengeneza kwa garanti, ile kodi ya miezi kadhaa ambayo mpangaji anatanguliza kabla ya kuingia. Benki sikwenda, hata mlango wake siujui. Acompte, yaani fedha ya kutanguliza, ingetoka kwenye likelemba yetu ya walimu, mchango tunaopokezana kila mwezi. Zamu ilikuwa ya Mama Ngoie wa darasa la tano. Nilimsihi mpaka akaniachia, na bati za nyumba yake zikangoja.

Fedha iliyobaki, mwenye nyumba alikubali nimlipe polepole, mwaka mzima. Hapo ndipo nilipoanza kujikuna kichwa. Nani anaachia nyumba karibu na reli kwa bei ile, tena kwa kulipwa kidogo kidogo?

Mimi ni mtu wa mashaka, sikatai. Sokoni nanusa mawese kabla ya kuuliza bei. Marehemu mama yangu alikuwa anasema mashaka ndiyo yatakayonioa, na mpaka leo hakuna mume mwingine aliyejitokeza.

Komisionere wangu, mtu wa kati anayetafuta nyumba na kula pande zote mbili, tunamwita Ya Simon, yaani Kaka Simon. Mara tatu alinipeleka kuona ile nyumba, na mara zote tatu jua lilikuwa linawaka. Siku ya mvua simu yake haipatikani. Na kila mara alinionya: "Mwalimu, usiseme unakuya kuuza. Sema unatafuta ya kupanga." (Kwetu kuuza ni kutoa fedha, kuuzisha ndiyo kuipokea. Wenzetu wa mashariki watanivumilia.)

Nikamuuliza kwa nini nifiche. Akasema anayekaa mle ni dada wa mwenye nyumba, ana presha, asitiwe wasiwasi. Nikakubali. Nilikubali haraka kuliko desturi yangu, na sababu naijua. Bei.

Leo ilikuwa siku ya kutoa acompte. Kabla ya masomo nikaamua kwenda peke yangu, na mvua yake.

Ukuta wa mbele, niliouzoea mweupe, ulikuwa umelowa chepechepe, na chini ya chokaa herufi nyeusi zilikuwa zinatoka moja moja. PARCELLE YA FAMILIA, HAIUZISHWE.

Kuta za namna hiyo tunazijua. Ndugu wakigombania nyumba, mmoja anaandika ukutani ili mnunuzi akimbie. Herufi hizi ziliandikwa kwa mafuta machafu ya gari, na hayo chokaa haiyawezi.

Mama Kabange, huyo dada, alikuwa barazani anakinga maji ya bati kwa ndoo. Mgonjwa gani! Alibeba ndoo mbili mbele yangu bila kuhema. Akanipa kiti na chai. Nikamuuliza, kwa sauti ya mpangaji asiye na neno, nani aliandika pale.

"Ni minyi niliandikaka, na mukono yangu," akasema huku anacheka. "Kaka anataka kuuzisha nyumba ya baba, minyi nilikatala. Akaleta chokaa, ati anapamba."

Kisha akanionyesha chumba cha kupanga. Akaniambia kisima chao hakikauki, na baba yao, fundi wa reli, alikichimba mwenyewe kila akitoka kazini. Nikaitikia. Sikumwambia mimi ni nani. Nikamaliza chai yake.

Saa nne, wakati wa mapumziko, nilikuwa kwa Ya Simon. Ofisi hana, anapokea watu kwenye meza ya baa ya rafiki yake. Kasongo, kaka mwenyewe, alikuwa amefika na karatasi yenye muhuri: familia imekutana, wote wamekubali kuuzisha. Sahihi yake. Sahihi ya mdogo wao wa Bukama. Na chini kabisa, penye jina la Kabange, dole gumba la wino wa buluu.

"Yeye hayue kuandika," Kasongo akasema, bila hata kuniangalia.

Yesu wangu! Sijui wameazima kidole cha nani.

Nilipaswa kusema pale pale. Badala yake nikasema, "Nipeni mpaka jioni."

"Mwalimu, bengine beko banaingojea," Ya Simon akasema, maana yake wako wanunuzi wengine. "Ukichelewa, usinililie."

Nikarudi darasani, nikatoa imla, sikusahihisha hata daftari moja. Masomo yakaisha, nikaenda nyumbani, nikajilaza na viatu.

Sasa niseme ukweli. Saa zile zote sikuwa natafuta namna ya kumwambia Mama Kabange. Nilikuwa natafuta namna ya kununua.

Karatasi ina muhuri, mimi ningejuaje? Ningesema niliona dole gumba nikaamini, kama mnunuzi yeyote. Yeye ningemwachia chumba cha nyuma, tena ningempunguzia kodi. Nilifika mpaka hapo: kumpangisha mtu nyumba ya baba yake, na kujiona nina huruma. Nilipojisikia nikihesabu hiyo kodi yake, nikaona aibu, nikaamka.

Saa kumi na moja nikampigia Ya Simon, nikamwambia sinunui. Akacheka tu, akakata simu. Nikasimamisha pikipiki.

Mama Kabange alifungua mlango nusu. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: komisionere, kaka yake, karatasi, dole gumba, na kwamba mimi sikuwa natafuta chumba cha kupanga. Hakunikaribisha. Alinipima kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, mama."

"Ao unataka kuuza kwangu, bei ya chini?"

"Hapana."

Halafu akaniambia kwamba saa nane walikuja wanaume wawili na mita, wakapima vyumba, wakasema wamekwisha kutoa acompte, yeye aanze kufunga vitu vyake. Hakuelewa wanaongea nini. Aliwafukuza kwa ufagio.

"Ile karatasi uliiona saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na bureau ya kartie inafungaka saa ngapi?"

Saa tisa. Kila mtu wa Kamina anajua. Angeambiwa mapema, angekuwa ameshafika kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, kuzuia uuzaji, kabla ya hao wawili kutoa acompte na kuleta mita yao.

Akafunga mlango polepole, kwa adabu. Afadhali angeubamiza.

Nimekwisha kumpigia Mama Ngoie, zamu yake inarudi kwake. Alishukuru sana, na shukrani yake ikanichoma. Mkurugenzi nimemwomba ruhusa ya kesho.

Ofisi inafunguliwa saa mbili. Nitasimama mbele ya shefu wa kartie, niseme kwa jina langu nilichokiona na nilichokisikia. Akiniuliza nilifuata nini pale, nitamjibu: nilikuja kununua. Akiniuliza kwa nini sikuja leo, saa nne na nusu, wakati mlango wake uko wazi na mama huyu bado ana nyumba, nitasema nini?