Kitabu Ulichompa Baba

Kwako Kaka Paulo,

Kabla ya salamu naomba nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Siku ile ya kikao mimi sikukubali baba arudi nyumbani. Watu wote wanasema nilikubali, na wewe ulisema hivyo kwenye simu, lakini sikukubali. Nimelitanguliza hili kwa sababu nikianza na salamu nitaona aibu, nitaandika habari za mvua mpaka karatasi iishe.

Sasa shikamoo, kaka. Za Dodoma? Kazi inaendaje? Wifi Precious hajambo, na mtoto ameshaanza kutambaa? Mimi ni mzima wa mwili. Mama naye yupo, hali yake nitaieleza mbele. Matokeo ya kidato cha nne bado tunayasubiri. Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa mkono wakati namba yangu unayo. Simu yangu iko kwa baba, na ya mama pia. Barua hii nampa mtu anayesafiri kuja huko.

Nataka kukueleza habari za vitabu. Najua vilikusaidia wewe. Sijasahau ulivyokuwa mwaka ule uliokaa nyumbani bila kazi, ulivyokuwa ukishtuka mlango ukigongwa, na ulivyoacha kula pamoja nasi. Ulipokwenda Dodoma yule mshauri wa hospitali akakuelekeza cha kusoma, sauti yako kwenye simu ikabadilika. Ukaanza kucheka tena. Ukanitumia na mimi kimoja, kile cha jalada la kijani, nikakisoma chote nikakirudia. Ndiyo maana sikushangaa ulipomtumia baba vitabu kule Ilemela alikokuwa amepanga tangu wajomba walipomtoa nyumbani kwa ajili ya sikio la mama alilolipiga likafa. Niliona ni jambo zuri. Nilisema moyoni, kama Kaka Paulo amepona, labda na baba atapona.

Baba alivisoma, kaka. Nakuambia ukweli, alivisoma kuliko sisi wote. Alikuwa anakuja pale nyumbani Mabatini siku za Jumapili, anasimama nje, hapiti kizingitini mpaka mama amkaribishe. Anaongea polepole. Alimwambia mama kwamba alilelewa kwa fimbo na babu, na kwamba mtu aliyeumizwa huumiza. Mama alishangaa sana, kwa sababu katika miaka yote ya ndoa alikuwa hajawahi kumsikia akimtaja babu ila kwa kumsifu.

Ndipo kikaitishwa kikao. Wewe ulikuwa kwenye spika ya simu ya baba mdogo Shimba, kwa hiyo ulisikia tu, hukuona. Baba alileta kikombe cha bati akasema kitabu kinaelekeza kwamba mwenye kushika kikombe ndiye anayesema, na wengine wanasikiliza bila kumkatiza. Baba mdogo akauliza kama tutaongea na kikombe kikavu hivyo hivyo, au kuna kitu kitamiminwa. Watu wakacheka. Ulicheka na wewe, nilikusikia.

Mama alipopewa kikombe alikishika kwa mikono miwili. Hakuwahi kusema mbele ya watu, siku ile alisema. Alisema jinsi anavyojifunza kutembea upande wa kushoto wa watu ili awasikie. Alisema kwamba akisikia pikipiki inasimama nje anadhani ni baba, anajifungia chumbani. Alisema aliwahi kuomba baba afe, kisha akaenda kutubu kwa padri. Baba akainamisha kichwa, akasema, "Nimekusikia, Mama Paulo. Nayapokea maumivu yako." Shangazi alilia. Na mimi nililia.

Kisha baba mdogo akasema mtoto aliyebaki nyumbani naye aulizwe, akikubali basi mambo yameisha. Wakanipa kikombe. Unanijua, kaka. Hata shuleni mwalimu akiniuliza jina langu natafuta maneno. Niliona macho ya baba, na ulimi ukawa mzito. Nilikuwa nataka kusema tungoje kwanza. Neno moja tu, tungoje. Likagoma. Baba mdogo akasema, "Mtoto wa kike akinyamaza ameshakubali." Halafu ikaja sauti yako kwenye simu, umefurahi kabisa, "Odeta amekubali, tumshukuru Mungu." Watu wakapiga makofi. Hukuniona uso, na sikulaumu kwa hilo. Lakini wenzako pale waliniona.

Baba akahamia. Mwanzoni hakugusa mtu. Alikuwa anaamka na kufagia uwanja, majirani wakamsifu, wengine wakaja kuazima vitabu kwa ajili ya waume zao. Mwenyekiti wa jumuiya akamwomba afundishe wanandoa. Akafundisha, na alifundisha vizuri.

Ndani ilikuwa hivi. Yale yote mama aliyoyasema akiwa ameshika kikombe, baba aliyahifadhi. Mama akikataa jambo, anamwambia, wewe ulisema mwenyewe kwamba unaogopa hata pikipiki, sasa mtu wa hivyo anaweza kuamua kitu? Mama akinyamaza, anaambiwa anakwepa. Akijibu, anaambiwa hajapona. Mama mdogo Modesta alipokuja kututembelea, baba alimngoja aondoke, akafungua kitabu na kutusomea sehemu ya watu wenye sumu ambao hutakiwi kukaa nao karibu. Mama mdogo hakuruhusiwa kuja tena. Kisha simu zikachukuliwa, yangu na ya mama, ili tupumzishe akili. Ukipiga, anapokea yeye na kukuambia tumelala au tumetoka, au anampa mama simu akiwa amekaa hapo hapo. Ndiyo maana mama alikuwa anakujibu "vizuri tu, mwanangu" kwa kila kitu.

Siku moja hakuwepo, nikachukua kile kitabu kikubwa nikakipitia. Anapiga mistari kwa kalamu nyekundu. Panaposemwa aliyeumizwa asamehe, pana mstari. Panaposemwa aachilie yaliyopita, pana mistari miwili. Sura nzima inayomhusu aliyeumiza, mambo anayotakiwa kufanya, na kwamba hana haki ya kudai asamehewe, ni safi kama siku ilipotoka dukani. Nilikaa chini pale sakafuni. Kitabu ni kile kile kilichokuponya wewe, kaka. Sijui kama hasira yangu ilikuwa juu ya baba au juu ya kitabu, au juu yako.

Jumamosi ya wiki iliyopita mama alichelewa. Mitumbwi ya dagaa ilichelewa kufika mwaloni, na asingeweza kurudi sokoni Mkuyuni bila mzigo wa kuuza. Aliingia na beseni kichwani, miguu ina matope. Baba alikuwa amekaa sebuleni, kitabu kiko mapajani, akamwambia aketi wafanye zoezi. Mama akaomba aoge kwanza atoe harufu ya dagaa. Baba akasema hiyo ndiyo tabia yake ya kukimbia mazungumzo. Mama akacheka. Hakucheka kwa dharau, kaka, alichoka tu, na nadhani aliona kweli inachekesha, mtu ananuka dagaa anaambiwa afanye zoezi.

Baba alisimama akampiga kofi. Alimpiga upande wa sikio lililobaki.

Mama alikaa chini na dagaa wakamwagika. Baba akafumba macho, akavuta pumzi kama anavyowafundisha watu jumuiyani, akazitoa taratibu, kisha akasema kwa sauti ya upole, "Unaona sasa? Umeniamshia jeraha langu la utotoni." Na mama, akiwa bado sakafuni, akasema, "Nisamehe, Baba Paulo."

Kesho yake baada ya misa nilimfuata mama nyuma ya nyumba alikokuwa anaanika wale dagaa tuliowaosha upya. Nilisimama mbele yake ili aone midomo yangu. Nilimuuliza kwa nini yeye ndiye aliyeomba msamaha. Aliendelea kutandaza dagaa. Nilidhani hakusikia. Kisha akasema:

"Zamani alikuwa ananipiga, halafu anaomba msamaha. Siku hizi ananipiga, halafu naomba mimi. Mwanangu, bora zamani."

Aliponiambia hivyo nilimwambia tuondoke. Nililisema, kaka, na ulimi haukugoma. Mama aliniuliza tutawaambia nini watu, maana mume ameacha pombe, anafagia uwanja, anafundisha kanisani. Ukisema amekupiga watakuambia ni kofi moja tu, na wewe hujasamehe. Nilimwambia tu kwamba mimi naondoka, na kwamba siondoki bila yeye.

Tuliondoka asubuhi kama watu wanaokwenda mwaloni. Mama alibeba beseni lake, mimi ndoo. Ndani ya beseni kulikuwa na nguo zetu na kitambaa juu. Baba alitutakia kazi njema. Hatukurudi.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya niandike. Mama hasikii tena, kaka. Sikio lile limebaki na mlio tu, anasema ni kama taa ya karabai inayowaka. Nikimwita kwa nyuma hageuki. Daktari aliyemwona huku amesema tungoje, huenda usikivu ukarudi kidogo, huenda usirudi. Anapenda sana sauti yako, na hataisikia kama alivyokuwa akiisikia. Nimeona ni vizuri uyajue haya kutoka kwangu.

Sikuandikii ili ujilaumu. Kitabu changu cha kijani nimekuja nacho, sikukiacha. Kinasema aliyeumiza hapimwi kwa maneno yake, anapimwa kwa usingizi wa wanaoishi naye. Ungetuuliza sisi tunalalaje. Siku nyingine ukimshauri mtu kitabu cha namna hii, uliza kwanza nani anaishi naye, na huyo umpe chake.

Tupo salama kwa watu wa mama. Jina la mahali silitaji. Kutoka hapa naliona ziwa, lakini ziwa lina pande nyingi. Nimewaza sana kabla ya kukuficha wewe, na imeniuma. Ila najua unavyompenda baba, na najua ulivyotamani awe amebadilika. Mimi pia nilitamani.

Wifi Precious mpe salamu zangu, na mtoto mbusu kwenye utosi. Mama anakusalimu, anasema usile chakula kilichopoa.

Naomba, kaka, barua hii usimwambie mtu kwamba imefika, hata shangazi, hata baba mdogo. Baba atakuja Dodoma. Atakuja na maneno mazuri na atalia mbele yako, na machozi yake hayatakuwa ya uongo, hiyo ndiyo shida yake. Usimwambie. Hata akisema mama ndiye mgonjwa, usimwambie. Hata akisema amepona.

Ni mimi mdogo wako,
Odeta