Sema Kwanza, Ndio Nikanyage

Mzee Barasa,

Nilianza barua hii kwa "shikamoo" nikaifuta. Ungenicheka. Ulikuwa ukisema hiyo ni salamu ya watu wa pwani, na sisi wa Eldoret tunapeana mkono tu, tena kwa nguvu, maana baridi ya huku haina adabu. Basi nakupa mkono. Ni mimi Atieno, yule msichana wa Kisumu uliyemfundisha kazi. Mwaka umetimia tangu tukupeleke nyumbani Webuye kukuzika, na nina habari ambayo siwezi kuikalia.

Unakumbuka chumba chetu. Mgonjwa kitandani, daktari akipitisha katheta, ile mirija myembamba, kutoka mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo, na mguu wako juu ya pedali ya eksirei. Bila eksirei hatukujua katheta imefika wapi. Na kila ulipokanyaga, miale ilitutafuta sisi pia, ndiyo maana tulivaa zile aproni za risasi zilizokumaliza mgongo.

Wengine walikuwa wakikanyaga tu. Wewe hapana. Ulinigeuza nisione picha, ukanielekeza kwenye skrini nyingine yenye mistari ya umeme wa moyo, ukasema, "Atieno, sema kwanza, ndio nikanyage." Nilitakiwa niisome mistari, nitaje katheta iko wapi, ndipo ukanyage sekunde moja tuone kama nimepatia. Nikikosea, chai ya saa nne juu yangu. Mwaka wa kwanza nilichemsha chai mpaka wauguzi wakaniita Mama Chai. Nilikuchukia, Mzee, acha nikiri. Nilidhani unanionea kwa sababu nilimdharau kuku wa kwenu na kumsifu samaki wa kwetu.

Halafu nikapata mimba ya Neema. Sikuwa nimemwambia mtu. Uliniona tu nikihangaika kufunga aproni, ukanishika bega. "Toka nje, mama. Nyinyi ni wawili. Mimi nimeshazeeka, wacha nisimame." Ukazisimamia zamu zangu miezi yote ile, na mgongo ule. Nami nilikuletea samaki mmoja nikaona tumemalizana.

Sasa sikiliza. Tumepata mtambo mpya. Chini ya kitanda kuna sumaku, mgonjwa anabandikwa vibandiko vya kuuelekeza mtambo kifuani na mgongoni, na ncha ya katheta inajionyesha yenyewe kwenye skrini. Inavyogusa kuta za moyo ndivyo inavyozichora, mpaka unapata ramani nzima ya rangi. Miale hakuna; eksirei imesukumwa pembeni, ya dharura tu. Siku ya kwanza niliingia na aproni yangu kwa mazoea, daktari akaniuliza kama naenda vitani. Na mguu wangu wa kulia ulishinda ukipapasa pedali sakafuni, kama mtu anayetafuta ndala akiamka.

Mvua zilipoanza aliletwa Chebet, msichana wa Soy, mimba ya miezi sita. Moyo wake ulikuwa ukianza kukimbia bila taarifa, anaanguka shambani. Dawa zilishindwa. Kila moyo wake ulipokimbia, na wa mtoto ulilegea. Ilibidi tuingie tuunguze kijia kimoja cha umeme kilichopotoka, na kwa sababu ya mtoto, eksirei hatukuitaka kabisa. Daktari akaniweka niisimamie ramani.

Tulikuwa tumeshafika mahali penyewe, tumebakisha kuunguza, Chebet akashikwa na kikohozi. Akajinyonganyonga kidogo, na ramani ikaruka. Ncha ya katheta ikaonekana inaelea nje ya moyo. Unapajua pale tulipokuwa, Mzee. Ukiteleza kidogo tu unaunguza ile njia nzuri ya umeme inayopita kando, na binti mdogo hivyo anaishi na betri ya kuuendesha moyo kifuani maisha yake yote. Daktari akasimamisha mkono. "Atieno, itabidi tupige eksirei. Kidogo tu." Muuguzi wetu Rehema, ambaye naye ni mjamzito, akaanza kuelekea mlangoni. Nikaona mkono wa Chebet ukisogea chini ya shuka kwenda kwenye tumbo.

Niliogopa. Niliogopa kuliko siku yoyote kwenye kazi hii. Kisha nikakusikia. Si mzimu, usiniletee mambo, ni mazoea tu: sema kwanza. Nikaiacha ramani na rangi zake, nikageukia mistari. Mstari wa chumba cha juu cha moyo, mstari wa chumba cha chini, yote miwili vile vile kama kabla ya kikohozi. Na kale kamwiba kadogo kati yake, kanakoonyesha njia nzuri inapopita, hakakuwepo kwenye ncha yetu. Kalikuwa kwenye katheta ya pili, ile tuliyoiweka kuwa alama ya njia hiyo, pale pale tulipokaacha.

Nikasema kwa sauti, "Daktari, sisi hatujasonga. Ni ramani ndio imesonga. Angalieni kibandiko cha mgongo."

Rehema aliachia kitasa akarudi. Akapitisha mkono chini ya mgongo wa Chebet, akatoka na kibandiko kimelowa jasho, kimebanduka nusu. Tukaweka kipya, tukapanga ramani upya, na ncha ikatua pale niliposema. Daktari akaunguza. Tukauchokoza ule moyo ukimbie, ukakataa. Tukauchokoza tena, ukakataa. Nikatoka nje nikalia kwenye korido kama mtoto.

Chebet amejifungua salama, kijana mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuja naye wiki jana, na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando yenye majivu, kwa ajili yetu. Mjaluo mimi nikajikaza nikanywa.

Jumapili nilipita kwenu Munyaka kumweleza mkeo, Mama Rose. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia jambo ambalo hukututajia hata siku moja: kwamba ile miezi uliyonisimamia zamu ulikuwa ukilala sakafuni, kitanda kilikuwa kinakuumiza. Mzee, kwa nini hukusema? Neema ana miaka saba. Anakimbia, anavunja vikombe. Sasa nimejua nani alimlipia kwa mgongo wake. Asante. Ningetaka neno kubwa kuliko hilo lakini sina.

Aproni yako bado iko kwenye msumari, jina lako ndani ya kola kwa kalamu ya wino. Kuna wanafunzi wawili wapya, wepesi, wanaipenda ramani kama mchezo wa simu. Nakuahidi hivi: kabla sijawawashia hiyo ramani, watanisomea mistari. Pedali iko pembeni, lakini watasema kwanza. Wakikosea, chai, na majani nitanunua mimi.

Pumzika, baba. Nyosha mgongo. Siku ile ya Chebet hakuna aliyetoka nje kukwepa miale, hata wale waliokuwa wawili.

Wako,
Atieno, Mama Chai